Gari la Kale si Gari Kuukuu: Namna ya Kulichagulia Bima

Peugeot 504 ya baba yangu, ya mwaka 1979, rangi ya maziwa, iligongwa na lori karibu na Mtito Andei ikiwa imeegeshwa kando ya barabara. Baba alikuwa ameshuka kununua maji. Hakuna aliyeumia. Bima alikuwa nayo, tena bima kubwa, ile inayolinda hata gari lako mwenyewe, na ada aliilipa kila mwaka bila kuchelewa. Thamani ya gari iliyoandikwa kwenye mkataba ilikuwa shilingi 350,000, namba iliyowekwa na wakala miaka sita nyuma na isiyoguswa tena na mtu yeyote. Ndani ya miaka hiyo sita baba alikuwa amefungua injini yote na kuifunga upya, amenyoosha na kupaka rangi bodi nzima, ameagiza taa za mbele kutoka Ufaransa na kushonesha viti.

Kampuni ilipiga hesabu yake. Kulitengeneza kungekula zaidi ya nusu ya 350,000, kwa hiyo gari likahesabiwa kuwa limekufa. Baba akalipwa pesa zake baada ya makato, gari likachukuliwa. Miezi michache baadaye nilimwona mchuuzi wa vipuri Kirinyaga Road, Nairobi, akiuza mlango wa mbele wa kushoto ambao niliujua kwa mkwaruzo niliouweka mwenyewe nikiwa na miaka kumi na mmoja.

Kampuni haikuvunja mkataba. Ilifuata kila neno lililoandikwa. Tatizo ni kwamba mkataba uliandikwa kwa ajili ya gari kuukuu, na baba alikuwa na gari la kale. Lugha yetu inajua tofauti hiyo: kuukuu ni kilichochakaa, cha kale ni kilichodumu. Mkataba wa kawaida wa bima haujui. Kwake kila mwaka unaopita unashusha bei, basi. Kazi yote ya kuchagulia bima Beetle ya mwaka 1965, Land Rover Series, Datsun 1600 SSS au Mercedes ya babu ni kuufundisha mkataba tofauti hiyo kabla gari halijagongwa. Baada ya ajali hakuna wa kumfundisha.

Nimeandika nikiwafikiria zaidi wenye magari Kenya, maana sheria na desturi za huku ndizo nilizozishughulikia. Aliye Tanzania atakuta hatua ni zilezile, ila msimamizi wake wa bima ni TIRA, na ada yake huongezewa VAT ya asilimia 18.

Hatua ya kwanza: amua gari litafanya kazi gani

Kabla hujapiga simu kwa mtu yeyote wa bima, chukua karatasi ujibu maswali haya kwa ukweli. Gari linatembea mara ngapi kwa mwezi? Linalala wapi, ndani ya gereji iliyofungwa au nje chini ya turubai? Nani wengine wanaliendesha? Linakwenda harusini? Kwa malipo au kwa undugu? Linavuka mpaka?

Majibu haya ndiyo silaha yako. Gari linalotoka Jumapili mbili kwa mwezi, likiendeshwa na mtu mmoja mwenye umri wake, na kulala nyuma ya mlango wa chuma, hatari yake ni ndogo kuliko ya gari jipya linalokwenda kazini kila siku kwenye foleni ya Mombasa Road. Lakini kampuni haitakisia. Umwambie wewe, kwa maandishi.

Na ukishaandika, usiseme uongo. Bima imejengwa juu ya msingi wa kuambiana ukweli wote unaohusu hatari. Ukificha kwamba kijana wako wa miaka ishirini hulichukua gari wikendi, au kwamba injini ni ya Toyota siku hizi, umeipa kampuni sababu ya kukataa dai siku utakapolihitaji.

Hatua ya pili: nyoosha karatasi za gari

Magari ya zamani yana historia ndefu, na historia ndefu huacha karatasi zilizopinda. Fungua boneti, safisha bamba la namba ya chasisi, kisha ulinganishe na logbuku, ile ambayo Watanzania huita kadi ya gari. Linganisha namba ya injini pia. Hapa ndipo wengi hukwama: miaka ya tisini injini iliyoanza kula mafuta ilitolewa, ikaingizwa nyingine, na hakuna aliyekwenda kuandikisha badiliko hilo. Sasa gari lina namba moja kwenye chuma na nyingine kwenye karatasi. Mkaguzi wa kampuni akiliona hilo baada ya ajali, dai litasimama hadi uthibitishe kwamba injini si ya wizi.

Angalia na jina. Ikiwa logbuku bado ina jina la marehemu babu, familia imalize mambo ya mirathi na kuhamisha umiliki kupitia NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kabla ya kununua bima kubwa. Anayeikatia mali bima lazima awe na maslahi yanayotambulika katika mali hiyo, na fidia hufuata jina. Nimeshuhudia ndugu watatu wakigombania hundi ya gari ambalo mmoja wao peke yake alilitunza kwa miaka kumi na minane. Inauma kutazama.

Hatua ya tatu: pata thamani ya kweli

Utaratibu wa kawaida Kenya ni kwamba kampuni hukupa barua ya kwenda kwa mthamini aliye kwenye orodha yake, na Chama cha Magari cha AA Kenya ni miongoni mwa wanaofanya kazi hiyo. Kwa gari la kisasa kazi ni nyepesi: mthamini anajua Toyota ya mwaka fulani inauzwa kiasi gani, anaangalia hali yake, anaandika namba. Kwa 504 au Beetle hana mfano wa kulinganisha. Magari kama hayo hayauzwi kila siku, na yale machache yanayotangazwa mengi yamekula kutu. Asipopewa kitu cha kushika, ataandika bei ya chuma chakavu na kidogo juu yake.

Basi usiende mikono mitupu. Tengeneza faili, na hii ndiyo sehemu ambayo ningekuomba uipe Jumamosi nzima. Weka risiti zote: vipuri, rangi, fundi, ushuru wa forodha kwa vilivyoagizwa. Fundi wa jua kali asiyetoa risiti mwombe aandike kwa mkono, aweke sahihi, namba ya simu na tarehe. Piga picha wakati gari limefunguliwa, si likiwa linang'aa tu. Picha ya sakafu iliyokatwa na kuchomelewa chuma kipya inamwambia mthamini mambo ambayo rangi inaficha. Piga pia kila upande, chini ya gari, chumba cha injini, dashibodi ikionyesha kilomita, na kila kitu kilicho adimu: usukani wa asili, vifuniko vya magurudumu, redio ya zamani, nembo. Kama gari limewahi kushiriki maonyesho ya magari ya Africa Concours d'Elegance pale Ngong Racecourse, cheti au picha ya siku hiyo iingie kwenye faili.

Tafuta pia bei za mauzo ya gari aina hiyo lililo katika hali kama ya lako, hapa nyumbani kwanza. Za Uingereza au Ufaransa zitumie kwa tahadhari, kwa sababu soko la kule si letu, lakini zinasaidia kuonyesha kwamba gari linatafutwa. Mwenye 504 ana hoja nzuri ya nyumbani: gari hilo lilishinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, mara hiyo ya pili kwa Coupé ya V6. Mwenye Datsun 240Z ana ushindi wa 1971 na 1973. Mwenye Beetle ana wa 1953, mwaka ambao mashindano hayo yalianza. Mthamini mwenye umri fulani atatabasamu ukimkumbusha, na kwa kweli historia hiyo ndiyo inayofanya watu wayanunue.

Mwombe mthamini aandike mambo matatu katika ripoti: hali ya gari sehemu kwa sehemu, kiwango cha uhalisi wake, na gharama ya kulitengeneza tena hadi lilipo sasa. Namba peke yake bila maelezo haitakutetea.

Hatua ya nne: dai thamani iliyokubaliwa

Ukisahau mengine yote, shika hili. Mkataba wa kawaida huahidi kulipa thamani ya soko ya gari siku ya hasara, na namba uliyoandika wakati wa kununua bima ni kikomo tu. Ukiandika milioni moja na nusu, ukalipia milioni moja na nusu, kampuni ikaona kwamba soko lingelipa laki saba, utalipwa laki saba. Mkataba wa thamani iliyokubaliwa ni kitu kingine: wewe na kampuni mnakubaliana mwanzoni kwamba gari hili ni la kiasi hiki, na likipotea lote mwaka huo, kiasi hicho ndicho kitakacholipwa kikitolewa ekses, yaani sehemu ya hasara unayoibeba mwenyewe. Hakuna mjadala wa soko.

Wakala anaweza kukuambia, "Usiwe na wasiwasi, si ndiyo tumeandika hapo?" Mwombe akuonyeshe kifungu. Kwenye ratiba ya mkataba, yaani ukurasa wenye maelezo ya gari lako, au kwenye kiambatisho lazima kuwe na maneno yanayosema wazi kwamba thamani imekubaliwa na kwamba ndiyo itakayolipwa gari likipotea kabisa. Neno la mdomo halina nguvu mbele ya mkaguzi wa hasara ambaye hakuwepo mkiongea.

Kwa Waingereza na Wamarekani bima ya namna hii huuzwa kama bidhaa ya kawaida na kampuni zinazoshughulika na magari ya kale tu. Huku mara nyingi ni jambo la kujadiliana, faili kwa faili. Kampuni nyingi zina ukomo wa umri kwa bima kubwa, aghalabu kati ya miaka 10 na 15, na mfumo wao wa kompyuta utalikataa gari lako kabla mtu hajalitazama. Ndiyo maana napendelea kwenda kwa dalali wa bima badala ya wakala. Wakala anaiwakilisha kampuni. Dalali anakuwakilisha wewe, na anaweza kulipeleka faili lako kwa mwandishi wa bima, yaani afisa wa kampuni anayeamua hatari ipi ikubaliwe, mwenye mamlaka ya kuvuka ukomo huo. Hakikisha jina lake limo kwenye orodha ya waliopewa leseni na Mamlaka ya Udhibiti wa Bima.

Sasa kuhusu kishawishi cha kuandika thamani ndogo ili ada ipungue. Nataka nikae hapa kidogo, kwa sababu ndipo baba alipoumia, na alidhani anaokoa pesa.

Thamani ndogo inakuumiza mara mbili. Kwanza, baadhi ya mikataba ina kifungu cha uwiano. Gari likiwa la 1,500,000 nawe umelikatia bima ya 600,000, umelikinga kwa asilimia 40 tu. Ukipata hasara ya 300,000, kampuni yenye kifungu hicho italipa asilimia 40 yake, yaani 120,000, kisha itoe ekses. Kilichobaki ni chako. Pili, na hili watu hawalifikirii, mikataba mingi huliua gari pale gharama ya kulitengeneza inapofika sehemu fulani ya thamani, mingine ikiweka nusu. Kwa thamani ya 1,500,000 gari linavumilia matengenezo ya hadi 750,000. Kwa thamani ya 350,000, boneti, taa mbili, bampa ya kromu na rangi tayari zimevuka mstari. Gari ambalo fundi angelirudisha barabarani kwa wiki tano linakuwa maiti kwenye karatasi, na maiti huchukuliwa.

Hatua ya tano: chagua aina ya kinga

Sheria ya Kenya, Sura 405, inakulazimisha kuwa na bima ya mtu wa tatu, ile ndogo, gari likiwa barabarani. Fahamu mipaka yake. Inachotaka sheria ni kinga kwa kifo na majeraha ya watu wengine, na kuna kikomo cha shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja. Mali ya mwingine uliyoigonga inalindwa tu kama mkataba wako umeiongeza, basi uliza kiasi. Gari lako mwenyewe halimo kabisa.

Kati ya ndogo na kubwa kuna bima ya mtu wa tatu, moto na wizi. Watu huipuuza, lakini kwa gari linalokarabatiwa polepole nyuma ya nyumba inaweza kuwa ndiyo yenyewe: hatari za gari lililosimama ni hizo mbili. Kama gari limefunguliwa kabisa, injini mezani na milango ukutani, ulizia kinga ya gari lisilotembea, ambayo hulinda mwili wa gari na vipuri vyake mahali palipotajwa. Vipuri vilivyotolewa visitajwe kwa ujumla. Viorodheshe.

Bima kubwa ni kwa gari linalotembea na ambalo ungelia likiharibika. Kwenye hiyo, uliza kama mafuriko yamo. Waliokuwa Nairobi Aprili na Mei 2024 hawahitaji kuelezwa. Uliza pia kuhusu fujo na machafuko ya kisiasa, ambayo mara nyingi huongezwa kwa ada ya pembeni.

Hatua ya sita: soma vifungu vinavyoligusa gari la zamani

Keti na mkataba mzima, si kipeperushi. Kuna mahali panne pa kutia kidole.

Vipuri visivyotengenezwa tena. Mikataba mingi ina sentensi inayosema kwamba kipuri kisichopatikana kitalipwa kwa bei ya mwisho iliyotangazwa na mtengenezaji. Kwa gari lililoacha kutengenezwa zamani, bei hiyo inaweza kuwa sehemu ndogo tu ya bei ya leo. Omba kifungu hicho kibadilishwe kilipe bei halisi ya kukiagiza, pamoja na usafiri na ushuru. Ukikataliwa, angalau unajua, na unaweza kuanza kuweka akiba ya vipuri mapema.

Kipuri kipya kwa kikuukuu. Kampuni ikinunua kipuri kipya mahali pa kilichokwisha chakaa, inaweza kukutaka uchangie tofauti. Kwa gari lililotunzwa, ambalo kila kipande kilikuwa kizima, jadili hilo liondolewe au liwekewe kikomo.

Fundi. Gereji iliyo kwenye orodha ya kampuni inaweza kuwa hodari sana kwa magari ya kompyuta na isijue kurekebisha kabureta. Mafundi wanaoweza kunyoosha bamba la 504 kwa nyundo na kifuko cha mchanga bila kulijaza pati wapo, lakini ni wachache na wanazidi kuzeeka. Mtaje wako kwa jina ndani ya mkataba, na ukubaliwe kumtumia kwa bei itakayopitiwa na mkaguzi.

Mabaki. Likihesabiwa limekufa, je, una haki ya kulibakiza, na kwa kukatwa kiasi gani? Andikeni asilimia. Baba angekuwa na sentensi hii moja, mlango ule usingefika Kirinyaga Road.

Kioo cha mbele kinastahili neno lake. Kinga yake kwa kawaida huwa na kikomo, kwa mfano shilingi 50,000. Mwenye Land Rover Series ana bahati, kwa sababu kioo chake ni bapa na fundi vioo anaweza kukata kipya cha tabaka mbili hapahapa. Kioo kilichopinda cha 504 hakikatwi mezani, lazima kitafutwe. Kama lako limepinda, ulizia bei ya kioo leo, halafu omba kikomo kipandishwe kilingane nayo.

Hatua ya saba: taja harusi, maonyesho na safari

Gari la kale ni zuri mno kuachwa nyumbani siku ya harusi ya jirani. Ukimbeba bibi harusi kwa sababu ni mpwa wako, hayo ni matumizi binafsi. Ukipokea hata shilingi elfu tano "za mafuta", kampuni inaweza kusema gari lilikuwa la kukodishwa, na mkataba wa binafsi haukingi gari la kukodishwa. Kama unafanya hivyo hata mara nne kwa mwaka, sema, ulipie nyongeza. Abiria wa siku hiyo ni watu, tena wamevaa nguo zao bora kabisa maishani.

Maonyesho ambapo gari limesimama kwa kawaida hayana shida. Mashindano ya kasi na majaribio ya muda karibu kila mkataba huyaondoa. Mbio kama East African Safari Classic, zilizoanza 2003, zina mipango yake ya bima, na usizichanganye na mkataba wako wa Jumapili. Msafara wa marafiki kwenda Naivasha uko katikati. Ukiwa na ratiba yenye muda wa kufika na mshindi, uliza kwanza.

Wanaovuka kwenda Arusha, Kampala au Kigali wanahitaji Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo Tanzania pia huitumia. Elewa kwamba kadi hiyo hulinda watu unaoweza kuwadhuru kule. Gari lako likipinduka Namanga upande wa pili, ni mkataba wako wa nyumbani utakaolitengeneza, na utafanya hivyo tu kama eneo lake limeongezwa kwa maandishi.

Hatua ya nane: piga hesabu yote

Tuseme thamani iliyokubaliwa ni 1,500,000 na kampuni inataka asilimia 4. Ada ya msingi ni 60,000. Juu yake kuna tozo ya mafunzo ya asilimia 0.2, ambayo ni 120, tozo ya mfuko wa fidia kwa wenye bima ya asilimia 0.25, ambayo ni 150, na ushuru wa stempu wa shilingi 40. Jumla 60,310. Mtu akikutajia tozo zaidi ya hizo, mwombe azieleze.

Kisha tazama ekses. Ekses ya asilimia 5 ya thamani ni 75,000 kwa kila ajali. Kwa wizi, mikataba mingi huweka asilimia 20 kama gari halina kifaa cha kulifuatilia na 10 kama kipo. Kwenye mfano wetu hiyo ni 300,000 dhidi ya 150,000, na kifaa hakifiki bei hiyo. Linganisha kampuni kwa jumla ya vitu vitatu, ada, ekses na vifungu vya hatua ya sita, na usikimbilie ada peke yake. Ningelipa elfu kumi zaidi kila mwaka kwa ajili ya fundi wangu na mabaki yangu.

Lipa kabla ya siku ya kuanza. Sheria ya Kenya hairuhusu kampuni kubeba hatari kabla ya ada kulipwa. Ukishapata cheti cha kidijitali, hakikisha namba ya gari na tarehe ni sahihi.

Hatua ya tisa: lifanye gari listahili kukingwa

Kampuni itakuuliza umefanya nini kuzuia hasara, na una faida mwenyewe kufanya. Adui mkubwa wa gari la zamani ni moto. Mipira ya petroli hukauka na kupasuka, nyaya zilizovishwa kitambaa hupoteza ganda, na kabureta inayovuja juu ya injini ya moto haihitaji kingine. Badilisha mipira yote, weka swichi ya kukata betri, na kizima moto kiwe mahali mkono wa dereva unapofika.

Kwa kifaa cha kufuatilia, jihadhari na umeme. Beetle nyingi za kabla ya 1967 zina mfumo wa volti 6, na vifaa vingi vinavyouzwa vinataka volti 8 au 9 kwenda juu. Fundi asiyejua atakifunga, taa itawaka kidogo, kisha kitalala, na wewe utakuwa unaamini unalindwa. Omba chenye betri yake. Hata kwenye gari la volti 12 linalokaa wiki tatu bila kuwashwa, kifaa hunyonya betri taratibu, basi weka chaja ya kutunza betri gereji. Na kila mwezi fungua simu uone kama gari linaonekana lilipo.

Miezi miwili kabla ya bima kuisha, rudi kwa mthamini na faili lililoongezwa kurasa mpya. Thamani iliyokubaliwa hukubaliwa kwa mwaka mmoja. Ukiiacha ijirudie yenyewe, ndivyo 350,000 ilivyokaa miaka sita.

Hatua ya kumi: saa ya kwanza baada ya ajali

Watu kwanza. Wakishakuwa salama, piga picha gari likiwa palepale, lile lililokugonga, namba zake na cheti chake cha bima. Ripoti polisi na uombe abstrakti, yaani hati yao ya kuthibitisha ajali. Mpigie dalali siku hiyohiyo, na usimruhusu fundi aguse chochote kabla mkaguzi hajafika. Usikubali lawama barabarani, wala usiahidi kulipa.

Gari la kuvuta likija, dai liwe la kubeba gari zima mgongoni. Magari mengi ya zamani hayana mahali salama pa kufunga mnyororo, na nimeona chasisi iliyonusurika ajali ikipinda njiani kwenda gereji. Panda naye dereva ikiwezekana, na uandike lilikolazwa.

Kabla ya kuondoka, rudi pale barabarani na mfuko. Okota vioo vya taa, vipande vya kromu, nembo, kifuniko cha gurudumu kilichobingirika mtaroni, hata kipande cha plastiki chenye namba ya mtengenezaji. Namba hiyo ndiyo itakayomwezesha fundi kuagiza kipuri sahihi. Kromu iliyokunjika hunyooshwa na kupakwa upya, na nusu ya kioo cha taa ya nyuma inatosha kuwa kielelezo cha kuchongea kingine.